Misumari Miwili na Kikokotoo cha Noa

Jumatatu, 8 Septemba

Baba amepiga simu kutoka kwetu Mlalo, mlimani. Hakutaka kuzungumza na mimi. Amezungumza na kaka yangu Noa, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa nyuma ya duka lake la vifaa niliisikia bila msaada wa simu. Uamuzi umetoka: ikifika Jumatatu ijayo sina kazi ya kueleweka, nipande lori linaloshusha kabichi Tanga, likirudi mlimani tupu nirudi nalo, nikalime. Mimi! Nehemia, fundi redio, miaka tisa Pangani!

Sina ugomvi na kabichi. Nina ugomvi na kuziinamia.

Kweli, redio zimekwisha. Tangu Krismasi nimeletewa moja tu, na aliyeileta alikuwa anatafuta pa kuiacha. Lakini kosa ni la mji. Mji huu haujawahi kustahili fundi.

Mungu hamtupi mja wake. Mchana Mzee Yakoub, msimamizi wa uga wa mbata, amekuja dukani kununua bawaba na kulalamika. Kiwanda cha mafuta huko Tanga kimechoka na vyeti vyake. Kuanzia sasa kinataka kila gunia la nazi kavu liandikwe ukavu wake kwa namba. Tatizo ni mpimaji wake, Bi Khairat, Mpemba, miaka ishirini na miwili kwenye kigoda kile kile. Bi Khairat hana namba. Anakigonga kipande cha nazi kwa ukucha, anakiweka sikioni, anakivunja, anatangaza: bado kidogo. Au: inaelekea. Siku njema sana: imetulia. Watu wazima na akili zao wanasimama juani kusubiri kuambiwa kama nazi imetulia!

Nimemwambia Mzee Yakoub ninayo mashine ya kupima ukavu na kutoa namba. (Sina.) Amesema niilete Jumatano. Ikifaa, upimaji wa msimu mzima ni wangu.

Jumanne, 9 Septemba

Mashine ipo! Nimeianza asubuhi, imemalizika adhuhuri, kwa chai moja tu na hiyo haikuwa na sukari.

Naandika hapa ilivyo, kwa faida ya vizazi, maana Noa hakuelewa na mkewe Ruthi hakutaka kuelewa. Unyevu wa nazi hauna ngazi. Ni mteremko, unashuka tu, huwezi kusema umefika wapi. Ndiyo maana Bi Khairat amebaki na “inaelekea” yake. Kazi ya fundi ni kuugeuza mteremko uwe ngazi, halafu kuzihesabu.

Nimechukua kidude cha kupimia muda, kile cheusi chenye miguu minane, kutoka kwenye king'ora cha gari lililokufa. Umeme unapita kati ya misumari miwili iliyochomwa kwenye nazi, unakwenda kujaza kapasita, kama bomba linavyojaza kopo. Kopo likijaa, kidude kinalimwaga na kutoa pigo moja. Likijaa tena, pigo jingine. Nazi mbichi inapitisha umeme mwingi, kopo linajaa upesi, mapigo ni mengi. Nazi kavu inabana, mapigo ni machache. Kidude cha pili kama hicho kinafungua mlango kwa sekunde kumi, kisha kinaufunga. Mapigo yote yaliyopita yanabonyeza alama ya sawasawa kwenye kikokotoo nilichokiwekea moja jumlisha moja. Kila pigo, kinaongeza moja. Mwisho unasoma namba. Mtoto angeelewa. Noa aliuliza kama inashika taarifa ya habari.

Kikokotoo ni cha Noa. Nimekiazima bila kumchosha kwa maombi. Amekitafuta dukani mpaka chini ya mifuko ya saruji, sasa anajumlisha kwa vidole na amepata majibu matatu tofauti kwa mteja mmoja. Ndipo utakapojua nchi hii inawahitaji watu wa aina yangu.

Majaribio. Taulo lililofuliwa: 71. Ugali wa Ruthi: 64. Ulimi wangu: 93. Kiganja cha Noa: 38, na kelele nyingi kwa betri ndogo ya volti tisa. Mbata kavu ya jirani: 14. Kuni: 2.

Ruthi ameuliza kwa nini ugali wake umepimwa. Nimemjibu kuwa sayansi haimwogopi mtu. Leo nalala bila mboga.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi, ingawa si safi.

Nimefika ugani mapema na mashine yangu ndani ya kopo la maziwa ya unga, misumari ikiwa imetokeza kwa mbele. Wakulima walikuwa wamejaa, wengine wametoka ng'ambo ya mto kwa kivuko na magunia yao. Bi Khairat kigodani, kama kawaida. Ilinibidi nimwamkie. Hili ni jambo la kuudhi kwelikweli: unakwenda kumng'oa mtu kazini, unaanza kwa shikamoo. Nimeisema upesi na kwa pembeni. Akaitikia marahaba ndefu, akaniuliza hali ya mlimani, akaniuliza baba, akaniuliza kama nimekula. Mbinu hizo nazijua.

Mzee Yakoub ametoa vipande kumi. Bi Khairat agonge kwanza, mimi nipime baadaye. Bado kidogo: 33. Imetulia: 14. Inaelekea: 22. Mbichi kabisa: 58. Kumi kwa kumi tumekubaliana. Nimekasirika sana. Nilikuja kumwonyesha amekosea, yeye kwa ukaidi wake akapatia vyote.

Wakulima lakini wameipenda. Mmoja amesema afadhali namba, kwa sababu ukiambiwa “bado kidogo” unaweza kubishana mpaka alasiri, ila 33 huna la kuiambia.

Bi Khairat amekitazama kikokotoo muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu, mbele ya watu wote: “Kumi na nne ya nini, mwanangu?”

Nimemwambia kumi na nne ni kumi na nne.

“Ndiyo. Ya nini?”

Swali la mtu ambaye hakusoma. Nimemwacha nalo. Mzee Yakoub amesema tutapima wote wawili mpaka Jumamosi, lori la kiwanda likija ataamua.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi misumari imeota kutu! Usiku mmoja tu. Hewa ya Pangani inakula chuma kama mchwa na mlango. Namba zikaanza wazimu: kipande kimoja, 20, halafu 41, halafu 16. Bi Khairat alikuwa anatazama mto kwa adabu ya makusudi.

Mimi si mtu wa kubabaika. Hapa pwani kila mtu anajua dawa ya kutu. Kufuli likikaza, mafuta ya nazi. Mnyororo wa baiskeli, mafuta ya nazi. Cherehani ya Ruthi, bawaba za kanisa, panga, mkasi wa kinyozi: mafuta ya nazi, na mambo yanakwenda. Nimekimbia nyumbani, nimesugua misumari kwa mchanga, nimeipaka mafuta ya Ruthi ya nywele, ya kutosha, nikaifunga na kitambaa kilicholoa mafuta hayo hayo ili yaingie.

Ajabu! Mashine imetulia kama mtu aliyepata dawa. Hakuna tena kurukaruka. Gunia la kwanza: 6. La pili: 5. La tatu: 5. Namba nzuri, tulivu, za kistaarabu. Nimeona ni jua la jana, lilikuwa kali.

Hapo ndipo mama huyu alipoanza. Magunia ya ng'ambo, yaliyoletwa jana mbata zake zikiwa bado zinapinda mkononi, amesema hayafai, yarudi chagani juu ya moshi yakaushwe siku tatu. Nimechoma misumari. 5. Nimemwonyesha Mzee Yakoub. Bi Khairat amekivunja kipande mbele yetu, kikapinda badala ya kukatika, akasema kisikilizwe. Nimesema nazi haisikilizwi, redio ndiyo inasikilizwa. Watu wamecheka. Wamecheka upande wangu, nina hakika.

Mzee Yakoub alikuwa na fomu ya kiwanda mkononi, yenye safu tupu iliyoandikwa NAMBA. Alimtazama mama, akaitazama fomu. Akamwambia Bi Khairat, kwa heshima zote, apumzike kidogo nyumbani wiki hii, kijana ajaribu.

Amenyanyuka. Amekunja kanga yake. Amenisogezea kigoda kwa mguu, akaondoka kuwahi adhuhuri. Miaka ishirini na miwili, na hata kwaheri ya maana hakutoa. Nimekaa. Kigoda kina bonde katikati, kimechongeka kwa makalio ya mtu mwingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Magunia themanini kwa siku moja! Bi Khairat alikuwa anapitisha ishirini na tano, na maneno mengi. Mimi nachoma, nasoma, naandika. 4. 4. 3. Mara moja kwa wasiwasi nikapaka mafuta zaidi: 2. Msimu huu nazi ni nzuri ajabu.

Wakulima wananipenda. Leo hakuna aliyerudishwa, hata mmoja. Mkulima mmoja ambaye mbata zake zilikuwa zinadondosha maji kwenye miguu yangu amenishika mkono akasema Mungu anilinde. Nimemwambia asinishukuru mimi, ashukuru namba.

Tukio dogo. Muuza madafu wa langoni aliniletea bilauri ya dafu, nikaipima kabla ya kunywa, kwa mazoea ya kazi. 7. Nimemweleza kuwa madafu yake ni makavu. Alinitazama, akaichukua bilauri, akanywa mwenyewe mpaka tone la mwisho, akaondoka. Watu wa hapa hawapendi ukweli wa kisayansi.

Jumamosi, 13 Septemba

Lori limepakiwa, limefungwa turubai kamba juu kamba chini, limeondoka saa tano na magunia yangu themanini. Cheti nimekiandika mimi kwa kalamu mbili, ya bluu kwa namba na nyekundu kwa mistari. Mzee Yakoub amekisoma mara mbili. Amesema hajawahi kutuma kitu kizuri namna hii Tanga. Kazi ni yangu, Jumatatu nitatia sahihi.

Noa amempigia baba. Nimesikia baba akiuliza kama ni Nehemia yule yule.

Ruthi amepika wali wa nazi na pweza. Sikuupima. Nina busara pia.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nimekaa benchi la mbele. Mchungaji amehubiri kuhusu kujivuna. Nimewahurumia sana baadhi ya watu waliokuwa nyuma yangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Lori limerudi. Na magunia yangu themanini ndani.

Mtu wa kiwanda, Bwana Alexander, amekuja nalo mwenyewe, ameshika cheti changu kwa vidole viwili. Alifungua turubai mbele ya uga mzima. Mvuke ulitoka! Mbata zilikuwa zimetoka jasho siku mbili ndani ya turubai, zimeota ukungu, mweupe huku, kijani kule. Alisema hajawahi kuona mzigo ulioandikwa 3 ukiwa na uyoga. Alisema likija jingine kama hili, mbata za Pangani zitafutiwe kiwanda kingine.

Nimejaribu kueleza. Dereva amepitia njia ya kivuli. Turubai lilikuwa bovu. Inawezekana pia kuna mtu mwenye kijicho aliyesoma kitu juu ya lori, sikumtaja jina. Mzee Yakoub alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, mimi ni Mlutheri. Kwa kifupi aliuliza lori la kabichi linaondoka saa ngapi, anataka kuja kupunga mkono.

Mkulima aliyeniombea kwa Mungu juzi alikuwepo. Sasa ameomba tofauti.

Wakamwita Bi Khairat. Alikuja polepole, akapokea shikamoo zake zote mpaka ya mwisho (yangu ilikuwa ya mwisho), hakugusa mbata hata moja. Akaomba mashine. Akaishika misumari kati ya vidole viwili, akavuta mpaka ncha. Akanusa vidole. Kisha, mbele za watu, ule mng'aro uliobaki vidoleni akajipaka kwenye kiwiko.

“Yakoub,” akasema, “mashine ya kijana haikusema uongo. Imesema alivyoipaka.”

Akawaeleza kwamba hata maji hayashiki kwenye ngozi iliyopakwa mafuta, sembuse umeme kwenye chuma. Mtu hajasoma darasa la umeme hata siku moja! Mzee Yakoub akauliza sasa afanye nini na mimi. Nilijua jibu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mashati.

Bi Khairat akasema magunia themanini yanarudi chagani, kila kipande kichaguliwe, kifutwe, kigeuzwe mara nne kwa siku. Anataka mikono. “Niachie mie,” akasema. “Akipanda lori leo, nani atayageuza haya? Weye?”

Mzee Yakoub ana mgongo mbovu. Nimebaki. Jumamosi ijayo lori litajaribiwa tena, na likirudi na mzigo safari hii, napanda la kabichi mpaka Mlalo.

Nimevua shati, nimeanza na gunia la kwanza.

Jumatano, 17 Septemba

Nageuza nazi. Tangu jua linatoka. Upande huu, upande ule. Macho yanawasha, mikono ina harufu ya moshi, na wakulima wanapita wakiniuliza zimetulia?

Mama ameiosha misumari kwa majivu na sabuni, ameisugua kwa makumbi ya nazi mpaka ikang'aa, na ameniamuru niwe naichoma kila baada ya sikio lake. Anagonga, anasema, mimi nasoma namba. Anagonga, anasema, nasoma. Vipande mia mbili leo. Ana daftari la shule na ameandika safu mbili. Bado kidogo, 30 hadi 40. Inaelekea, 19 hadi 25. Imetulia, 15 kushuka. Chini ya 8, akaandika kwa herufi kubwa: TAZAMA MISUMARI.

Halafu akanionyesha kipande cha 14, akakivunja sikioni kwangu. Kililia ko, kikavu, kifupi. Akasema: “Hiyo ndiyo kumi na nne yako. Ya mlio huu.” Kana kwamba alikuwa amenijibu jambo nililouliza mimi!

Nimesikia, sawa. Hata mbuzi angesikia.

Ijumaa, 19 Septemba

Aibu imenifika kwa mlango mwingine. Mzee Yakoub amemrudishia Bi Khairat kigoda, na amemkabidhi mashine. MASHINE YANGU. Sasa anakaa pale, kikokotoo mapajani, anawatangazia wakulima: kumi na nne, mwanangu, imetulia. Thelathini na moja, rudisha. Wanamwamkia mara mbili mbili. Bwana Alexander amepigiwa simu na amesema hatimaye amepata namba zenye mtu ndani yake. Mama amemwambia mashine imetengenezwa na Nehemia. Amesema hivyo kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza. Mtu mjanja sana! Anataka nionekane mdogo.

Leo amenikaribisha mihogo ya nazi kwake, amenipa kipande kikubwa, ameniambia mwakani atachoka, na angependa kigoda kiende kwa mtu mwenye sikio. Kwanza nijifunze mlio, mashine nitairithi. Nimekula. Nimeitikia. Moyoni nilikuwa nacheka. Mwakani? Kwa nini mtu mwenye akili asubiri mwakani?

Jumamosi, 20 Septemba

Lori linaondoka saa nane. Naandika haya nikiwa juu ya gunia.

Asubuhi mama alimaliza kupima na kusaini magunia hamsini. Thelathini yamebaki, aliyatia alama ya chaki, bado kidogo, yasubiri wiki ijayo. Kisha akaenda kuswali adhuhuri, akaniachia mashine niilinde. Niilinde tu, alisema.

Nimeikagua. Na naona nini kwenye ncha ya msumari? Kutu! Doa dogo, jekundu, hili hapa. Ndivyo inavyokuwa kazi ya kitaalamu ikiwekwa mikononi mwa watu wa majivu na sabuni. Kama nisingeiona, mzigo mzima ungeharibika.

Nimejifunza, sikatai. Mafuta ya nazi yalikuwa kosa. Mepesi mno, ya jikoni, hayafai chuma cha kazi. Kwa hiyo nimeshuka mpaka kivukoni, nimemwomba fundi wa injini grisi, ile nyeusi nzito ya kwenye minyororo, isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Nimeipaka yote, mpaka kwenye nyaya.

Halafu nimeyapima yale thelathini. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Thelathini kwa thelathini, ngazi ya mwisho kabisa, haijapata kutokea katika historia ya mbata! Na yeye ameyaandika bado kidogo!

Nimefuta chaki. Nimeyapakia mwenyewe, chini kabisa, wapakiaji wakashangaa nguvu zangu. Turubai limefungwa. Mama anarudi sasa hivi kutoka kuswali, namwona langoni, anatabasamu, amenishikia kitumbua. Maskini.

Nimempigia Noa amwambie baba yule dereva wa kabichi asiniwekee nafasi.